Vyuma vyembamba na vipuri vidogo vya modeli: utafute hapa hapa Unguja, uvuke Kariakoo, au uagize China?

Kila anaeanza kutengeneza modeli hapa Unguja, iwe jahazi la kwenda majini kwa rimoti, iwe daladala ya bodi ya mbao ya kuweka mezani, anakwama pahala pamoja, kwenye chuma chembamba kilichonyooka. Mbao zipo, gundi ipo, rangi zipo, lakini ukitaka fimbo ya milimita 2 isiyopinda, au mrija wa brasi unaoingia ndani ya mwengine bila kucheza, au nati ya milimita 2, ukienda duka la hadiwea wanakutazama alaf wanakuletea nondo. Na si kosa lao, wao wanauzia watu wanaojenga nyumba. Mie naona karibu vyote tunavyo hapa hapa, ila vimekaa kwa mafundi wa kazi nyengine, kwa fundi baiskeli, fundi friji, sonara, wachomea mageti, na ni vichache kweli vinavyostahiki kuvuka bahari. Kwa iyo nalinganisha kitu kwa kitu alaf pahala kwa pahala, wewe utachagua kulingana na unachotengeneza.

Kabla hujatoa pesa jiulize hiyo fimbo inakwenda kufanya nini. Inakaa tu, kama pini ya kapi au bawaba ya mlango? Inazunguka, kama ekseli au shafti ya propela? Inasukuma na kuvuta, kama waya wa kuendeshea msukani? Na je itaingia maji ya chumvi? Hayo ndo yanaamua, mana pini ya kapi hata henga ya nguo inatosha, lakini shafti ya propela ikiwa imepinda unywele mmoja tu chombo chote kinatetemeka na motor inakula betri bure.

SPOKU YA BAISKELI NA NJITI ZA KUCHOMEA

Hapa ndo penye mambo kwa iyo nitakaa kidogo.

Spoku ya baiskeli ya kawaida ina unene wa milimita 2, na ya gurudumu la 28 inakuja na urefu wa kama sentimita 30. Chuma chake kimevutwa baridi, kwa iyo ni kigumu na kina springi, unene wake ni ule ule mwanzo mpaka mwisho, na imepakwa zinki, au ukibahatika ni stenlesi kabisa. Na bei yake moja moja ni kitu cha kununulia watoto peremende. Kwa ekseli ya daladala ya mbao yenye matairi ya kukata kwenye soli ya ndala, kwa waya wa msukani, kwa vishikio, kwa pini ndefu, mie sijaona cha kuishinda. Cha msingi nunua mpya, zile zilizotolewa kwenye rimu zishakaa na mkunjo wake na hazinyooki kikamilifu hata uzigonge vipi. Ukifika dukani useme tu "Ami, naomba spoku mpya za ishirini na nane, niruhusu nichague mwenyewe", hakuna atakaekukatalia.

Kuna jambo la ule uzi wa kwenye ncha, yaani ile mizunguko inayokamata nati, ambalo watu wengi linawashinda. Chukua venia (kile kifaa cha kupimia unene) upime: kwenye fimbo utasoma 2.0, kwenye uzi utasoma kama 2.3. Sababu yake ni kwamba uzi wa spoku haukatwi, unabanwa na rola, chuma kinasukumwa kitoke nje, ndo mana uzi unakuwa mnene kuliko fimbo yenyewe. Kwa iyo ukitoboa tundu la milimita 2 fimbo inapita vizuri lakini ncha ya uzi inagoma, inabidi ukate kile kichwa kilichopinda uingize kutokea upande huo. Na nati ya M2, yaani ya milimita 2, haiingii, ya M2.5 inakuwa huru mno. Tumia nipeli yake mwenyewe, kile kikofia cha kukazia kwenye rimu. Nipeli nyingi ni brasi iliyopakwa nikeli, ukiikwangua kwa msasa inashika lehemu vizuri sana, kwa iyo unalehemu nipeli kwenye ncha ya waya mwengine na hapo ushapata kiungio cha kurekebisha urefu, unazungusha nusu mzunguko msukani unakaa katikati. Ukiagiza kiungio cha aina hiyo nje utakingoja wiki kadhaa.

Ubaya wa spoku upo. Zinki yake ni nyembamba, ukiikunja inachubuka, na majini kwetu hapa haidumu. Alaf ni ngumu kukata, plaizi ya bei rahisi itabaki na pengo kwenye meno, bora ukwaruze kwa tupa mzunguko mzima kisha uivunje. Na usiikunje kona kali, zungusha juu ya msumari mnene kidogo, kona kali inaipasua.

Ukitaka nene zaidi kuna spoku za pikipiki, hizo zinapita milimita 3, ila unene unatofautiana pikipiki na pikipiki kwa iyo nenda na venia yako.

Sasa njiti za kuchomea. Watu wanazichanganya zote pamoja na wala hazifanani. Kuna zile za kawaida za welding ya umeme, zenye unga wa kijivu juu. Ndani yake kuna chuma laini, saizi zilizojaa madukani ni 2.5 na 3.2, na 4 ipo pia. Unaigonga pole pole unga unabanduka, unapiga msasa, unabaki na fimbo ya kama sentimita 30 hadi 35. Faida yake inapindika kwa raha, unaweza kuikunja kona ya mraba haipasuki, na tepu na dai (vile vyuma vya kukatia uzi) inaila bila shida. Hasara: ni laini, kwa ekseli yenye mzigo inapinda, na kutu inaanza siku ile ile uliyobandua unga, kwa hewa yetu hii ya chumvi, usipoipaka mafuta ya cherehani kesho asubuhi ishabadilika rangi. Kwa vitu vya kupaka rangi au kuzika ndani ya mbao na gundi, sawa. Vyengine, spoku inaishinda.

Alaf kuna njiti tupu zisizo na unga, za kuchomea stenlesi kwa gesi ya agoni. Hizi ndo dhahabu ya mtengeneza vyombo vya majini na wengi hawajui kuwa zipo. Mafundi wanaotengeneza reli na ngazi za mahoteli wanazo, zinakuja kwa urefu wa mita 1, unene 1.6, 2.4 na 3.2. Angalia ncha yake, mara nyingi imegongwa maandishi madogo, 308L au 316L. Chukua 316L ukiiona, hiyo ina molibdenamu ndani yake, asilimia 2 hadi 3, na ndo inayoipa nguvu ya kukaa na chumvi. Ile 308L nayo si mbaya, ukikiosha chombo kwa maji ya bomba kila ukitoka pwani itakutumikia muda mrefu.

Ila zingatia saizi. 2.4 si 2.5 wala si 2, na 3.2 haiingii kwenye beringi ya tundu la milimita 3. Ukitaka iingie inabidi uifunge kwenye keekee, uizungushe na kuishikia msasa mpaka venia iseme 3.0, kazi ya subira lakini inawezekana. Kwa upande mwengine, motor za saizi 540, zile kubwa za magari ya rimoti, shafti yake ni 3.17, kwa iyo njiti ya 3.2 inakaribiana nayo mno na kiungo kimoja kinaweza kushika pande zote mbili ukipitisha msasa kidogo. Motor ndogo za saizi 130, zilizojaa kwenye midoli ya watoto, shafti yake ni 2, hapo ndo spoku inafaa kama ilivyo.

Zote hizo, spoku na njiti, usiziamini kwa macho. Chukua kipande cha kioo, hata cha dirisha, weka mezani karibu na mwanga, viringisha fimbo pole pole alaf uinamishe macho sawa na kioo. Ikiwa imenyooka inakwenda kimya na huoni mwanga chini yake. Ikiwa imepinda utasikia inagonga gonga na utaona mwanga unafunguka na kufunga pahala pamoja, tia alama ya kalamu pale pale, ndo pa kunyooshea. Kwa shafti ya propela chagua iliyopita mtihani huu kabla hata ya kunyooshwa, ilopinda ifanye pini.

BRASI, KOPA NA MIRIJA

Hapa ushindani ni mkubwa zaidi, mana vyanzo ni vingi na kila kimoja kina lake.

Fimbo za brasi za kuchomea kwa gesi zinapatikana maduka ya vifaa vya welding, mchanganyiko wake ni takriban asilimia 60 kopa na 40 zinki. Zina rangi nzuri ya njano, zinapendeza kwenye jahazi la mezani, zinakatika na kupigwa tupa kwa urahisi, na lehemu inazipenda. Kwa pini za makapi, vishikio, vijiti vya reli, hizo basi. Majini kwenye chumvi muda mrefu brasi ya aina hii inapoteza zinki yake taratibu, inageuka rangi ya waridi na inakuwa dhaifu, lakini kwa chombo kinachoogelea jioni moja na kuoshwa hilo si la kukukosesha usingizi. La kuogopa zaidi ni kuchanganya madini, ukiweka chuma cha kawaida kimegusana na brasi ndani ya maji ya chumvi chuma ndo kinacholiwa, na aluminiamu ni hivo hivo.

Kopa ya bure ipo kwenye vipande vya kebo za umeme vinavyobaki nyumba ikitiwa waya. Ile namba ya kwenye kebo ni eneo la mkato, si unene, kwa iyo kebo ya 1.5 yenye waya mmoja ndani ina unene wa 1.38, na ya 2.5 ina 1.78. Ni laini, imejikunja, lakini dawa yake ndogo, banisha ncha moja kwenye jiriwa, ncha nyengine ishike kwa plaizi, vuta kwa nguvu mpaka uhisi imejinyoosha kidogo. Hapo hapo inanyooka na inakuwa ngumu kuliko ilivyokuwa. Kwa reli na mapambo inatosha, kwa ekseli hapana.

Mirija sasa. Mrija mwembamba wa brasi unaoingia ndani ya mwenzake ndo kitu kinachowafanya watu wakimbilie kuagiza nje. Wamarekani wanao wa K&S, unauzwa vipande vya inchi 12, ukuta wake umepimwa ili kila saizi iingie ndani ya inayofuata. Waingereza wanao wa Albion Alloys, wao wanapima kwa milimita. Ni mizuri, sina la kuisema vibaya. Lakini antena ya redio ni kitu hicho hicho! Ile antena ya kuvuta ya redio mbovu ni mirija mitano sita imeingiana, na nyingi ni brasi iliyopakwa kromu. Peleka sumaku, ikikamata iache, isipokamata ikwaruze kwa ncha ya kisu, ukiona njano chini ushapata. Mafundi redio wanazo zimelala kwenye maboksi na wanakupa kwa bei ya chai. Tofauti na ile ya kununua ni kwamba antena huchagui saizi, unachukua ilichonacho, na vipande ni vifupi, na ile kromu lazima uikwangue kabla ya kulehemu. Kwa mtu anaetengeneza bushi (vimrija ambavyo shafti inazunguka ndani yake), mitutu ya mizinga, mabomba ya moshi, taa, antena inatosha kabisa. Kwa anaetaka mirija kumi ya saizi moja, K&S au Albion, na hapo mtume ndugu yako anaerudi kutoka London, inchi 12 inalala kwenye sanduku la nguo bila tatizo.

Na fundi friji msimsahau. Yule ana vitu viwili. Kwanza kapilari, ule mrija mwembamba wa kopa unaopitisha gesi, kwa nje ni kama milimita 2 na tundu lake halifiki milimita 1. Ukiukata vipande unapata bushi ndogo na vishikio vya waya mwembamba ambavyo usingevipata duka lolote hapa mjini. Usiukate kwa plaizi, utaziba tundu, zungusha kwa tupa kali kisha uvunje. Pili mrija wa robo inchi, wa AC, nje 6.35 na ndani unabaki kama 4.8. Huo ndo bomba la shafti la jahazi. Unaunyoosha kwa kuuviringisha katikati ya mbao mbili bapa, unaweka bushi kila mwisho kutoka kwenye zile antena, unajaza grisi, unapitisha njiti yako ya stenlesi ya 3.2, na maji hayaingii. Fundi friji anatupa vipande vya futi moja kila siku, muombe tu.

SONARA

Hili nalisema peke yake kwa sababu sioni mtu analitumia. Sonara wa Mji Mkongwe ana kifaa ambacho hata Kariakoo huendi kukuta kwa urahisi, bamba la chuma gumu lenye matundu yaliyopangwa kutoka kubwa hadi dogo, anavuta waya tundu moja baada ya jengine mpaka ufike unene anaotaka. Yeye anafanya kwa dhahabu na fedha, lakini kopa nayo inavutika hivo hivo. Ukimpelekea waya wa kebo wa 1.78 akauvuta hadi milimita 1, kipande cha futi moja kinatoka zaidi ya futi tatu, na unatoka umenyooka kama umepigwa rula, mng'ao mtupu. Ukitaka 0.7 au 0.5 kwa kamba za chuma za meli, anaendelea tu, ila katikati lazima aupashe moto mpaka uwe mwekundu mdogo, aupoze, alaf aendelee, mana kopa ikivutwa sana inakuwa ngumu na kukatika.

Fimbo za brasi za kuchomea usimpelekee ukitegemea miujiza, mchanganyiko wake haupendi kuvutwa baridi, zinataka moto kila baada ya matundu machache na nyengine zinakatika mkononi. Na uwe na adabu ya kazi yake, nenda siku asiyo na bi harusi wa kumtengenezea, msalimie, mwambie "Shkamoo ami, nina waya wangu wa kopa nataka uwe milimita moja", na waya uwe umeusafisha vizuri, usije kuchafua bamba lake la kuvutia dhahabu. Bei mtapatana, na kwa waya mwembamba ulionyooka hakuna pengine hapa Unguja panapompita.

Karibu na masonara kuna mafundi wa masanduku na milango, hao wana visumari vidogo vya brasi na mabati membamba ya brasi ya mapambo. Kwa jahazi la mezani vile visumari vinapendeza kuliko chochote, ijapokuwa vichwa vyake ni vikubwa kwa modeli ndogo na inabidi uvizungushe kwenye keekee kuvipunguza kwa tupa. (Anaetengeneza mtepe hana haja ya msumari hata mmoja, ule ni wa kushonwa kwa kamba za nazi.)

VIPURI VIDOGO

Skrubu ndogo ndogo: fundi simu na fundi miwani. Hao wanafanya kazi na skrubu za milimita 1.2 hadi 1.4 kila siku, wana makopo yamejaa. Za M2 zinatoka kwenye deki mbovu za CD na DVD, na ukiifungua deki moja unapata na vijiti viwili vya chuma vilivyosagwa safi sana ambavyo kichwa cha kusomea kinateleza juu yake, ni vifupi, kama sentimita 10, lakini kwa unyookaji hakuna spoku wala njiti itakayovifikia. Printa mbovu inatoa shafti ndefu na nene zaidi, nzuri kwa kutengenezea vifaa vyako vya kazi, kwa modeli yenyewe ni nzito.

Bolti na nati za M3 kuendelea maduka ya spea yanazo ukiuliza vizuri, M2 na M2.5 hapa mjini ni za kuzitafuta kwa taa. Hizo agiza. Ukiagiza nunua na tepu na dai zake kabisa, na kumbuka tundu la kutoboa kabla ya tepu, M2 ni 1.6, M3 ni 2.5. Kwenye stenlesi weka mafuta na kila ukisonga mzunguko rudi nusu, usilazimishe.

Beringi kwa namba: 608 ina tundu la 8 na nje 22, ndo ile ya katikati ya kile kidoli cha kuzungusha vidoleni, na ni kubwa mno kwa modeli nyingi. Unazozitaka ni 623 yenye tundu la 3 na nje 10, au MR63 yenye tundu la 3 na nje 6 tu, na hizo ndogo ndogo sijaona sababu ya kuzunguka madukani kuzitafuta, agiza China kwa namba moja kwa moja.

Maduka ya wavuvi upande wa Malindi ni hazina nyengine. Waya wa stenlesi wa kufungia ndoana za samaki wakubwa unafaa kwa kamba za mlingoti na kwa kuvutia msukani, vile vizungusho vya mshipi vinafaa kuwa ndo viungio vya henza na demani (kamba za kupandishia na kuzuilia tanga), na risasi za nyavu zinayeyuka kuwa uzito wa kuweka chini ya chombo kisipinduke. Risasi iyeyushe nje, penye upepo, mbali na watoto na vyombo vya kupikia, moshi wake ni sumu.

MJINI, KARIAKOO, DUBAI AU CHINA

Mjini Unguja uzuri wake ni kwamba unashika kwa mkono, unapima, unarudisha. Ubaya ni kuzunguka, mana spoku ipo pengine, njiti pengine, mrija pengine, na hakuna mwenye orodha. Ukiwa na asubuhi moja anza Darajani na Mlandege, malizia kwa mafundi wa welding mtaani kwako.

Kariakoo ya Dar, hususan upande wa Gerezani, inashinda kwa mambo mawili: stadi (fimbo zenye uzi) za uzi mwembamba na stenlesi ya saizi ambazo huku hakuna, kama 4 na 5 kamili, na mafundi wa kukereza waliojaa. Ikiwa unataka shafti ya milimita 4 yenye uzi wa M4 ncha moja, ambayo ndo propela nyingi za modeli zinataka, nenda Gerezani ukereziwe ukiwa umesimama pale pale na propela yako mkononi ijaribiwe. Lakini kupanda boti kwa ajili ya fimbo mbili hakuna maana, nauli ni kubwa kuliko mzigo. Subiri uwe na safari nyengine au mtu anaekwenda, na mtu wa kumtuma mpe kipande cha mfano, usimpe maneno, kwa sababu ukimwambia "nene kidogo" atakuletea anayoiona yeye.

Dubai ni nzuri kwa vifaa, venia, seti za tepu na dai, keekee ndogo za mkono, na tuna ndugu wengi wanaokwenda kule na kurudi na mizigo. Kwa fimbo zenyewe sioni faida.

China inashinda kila mtu kwenye beringi ndogo, skrubu za M2, viungio vya msukani, propela na gia za plastiki. Inashindwa kwenye fimbo. Fimbo ndefu inalipiwa usafiri mkubwa au inakatwa vipande vya sentimita 10 hadi 30, na ikifika imepinda huna wa kumrudishia. Ukilazimika agiza iwekwe ndani ya bomba la plastiki gumu. Kwa wakala wa mizigo, ya ndege inapimwa kwa kilo na ya meli kwa ukubwa wa boksi, kwa iyo beringi na skrubu ziende kwa ndege pamoja na mzigo wa mwengine, mkigawana watu watatu wanne kila mtu analipa kidogo. Na kabla hujalipa soma vipimo vyenyewe vya bidhaa, usitazame picha, picha ya beringi ya nje 6 na ya nje 10 ni ile ile.

Kwa hesabu yangu mtu anaeanza leo jahazi la sentimita 60 la rimoti atumie hivi: shafti njiti ya 316L ya 3.2 kutoka kwa mchomea wa hoteli, bomba la shafti kopa ya robo inchi kutoka kwa fundi friji, waya wa msukani spoku na nipeli zake, makapi pini za brasi, kamba waya wa wavuvi, na China aagize propela na kiungo cha motor tu. Propela achague ya tundu la 3.2 la kubana kwa skrubu, asichukue ya uzi wa M4, vyenginevyo ndo anarudi kwenye safari ya Gerezani.

Anaetengeneza daladala au gari la ng'ombe la mezani haagizi kitu chochote.

Walioko Pemba hali ni tofauti kidogo lakini si mbaya kama inavyosemwa. Spoku huko ni rahisi kuliko huku kwetu, baiskeli zimejaa, Wete, Chake na Mkoani zote zina wauza spea. Mafundi friji na redio wapo. Kinachokosekana ni njiti za stenlesi na kumpata sonara wa kukuvutia waya, kwa iyo hivyo viwili mtumieni mtu wa Unguja, njiti akate katikati nusu mita nusu mita, azifunge kwenye kipande cha bomba la maji la plastiki azibe pande zote mbili kwa tepu, mana zikilazwa kwenye boti chini ya magunia bila bomba zitafika Mkoani zina mkunjo ambao hata kioo hakina haja ya kukuonesha.